Leseni ya mkandaji ipimwe kwa mikono yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya kazi yetu ya kukanda. Huu ni mwaka wa kumi na saba nakanda watu Jambiani, wageni na wenyeji. Kabla ya hapo, kule Wete, nilikuwa nikimfuata bibi yangu akienda kuwakanda wazazi katika arubaini zao. Yeye ndiye aliyenimiminia mafuta ya nazi mkononi kwa mara ya kwanza, akanambia niyapashe baina ya viganja kwanza, kwani mafuta ya baridi humshtua mtu, na mwili ulioshtuka haukandiki.

Mwaka huu, baada ya Idi, jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye kisukari, alinijia akichechemea. Alikuwa akienda mjini kukandwa nyayo, ile tiba wanayoiita refleksolojia. Ukutani, anasema, kuna picha kubwa ya unyayo: hapa figo, hapa ini, hapa kongosho. Akaambiwa kongosho lake, kiungo kinachosimamia sukari mwilini, limelala na vikao kumi vitaliamsha, kisha akabonyezwa kwa kijiti cha mbao. Kwa kuwa hakusikia maumivu, akaona mambo yanakwenda vizuri. Nilipomvua soksi ilikuwa imegandana na ngozi chini ya kidole gumba. Pale pameshachimbika kidonda na mwenyewe hana habari, maana sukari ilishaua hisia za miguu yake zamani. Dawa za hospitali alikuwa ameziacha tangu kikao cha pili, kwa sababu aliambiwa hazihitaji tena. Alilala wodini wiki tatu. Mguu umesalimika, namshukuru Mwenyezi Mungu.

Refleksolojia yenyewe siitukani. Ramani ile ya unyayo ilienezwa na Eunice Ingham, mwanamke wa Kimarekani, katika miaka ya 1930, na kukandwa miguu kunampumzisha mtu kweli. Hata mimi nikipata mgeni aliyechoka safari huanza na miguu. Lakini hakuna utafiti madhubuti ulioonyesha kwamba ukibonyeza unyayo kongosho linapona. Anayeuza pumziko auze pumziko, asiuze uhai wa mtu.

Tangu 2008 Zanzibar tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo Baraza lake, kwa hivyo pa kuanzia papo. Ila mimi nilipotafuta kibali nilizungushwa. Ofisi moja ilinambia mimi ni mtu wa tiba, nyengine ikasema hiyo ni biashara ya utalii, ya tatu ikataka cheti cha skuli ya kukanda. Cheti sina. Mgeni wangu mmoja, mkandaji wa New York, alinieleza kwamba jimbo lao linadai saa 1,000 za masomo ndipo mtu apewe leseni. Nikajiuliza, zile saa nilizokaa sakafuni pembeni ya bibi yangu, tangu nina miaka tisa, nani atanihesabia?

Ninachoomba ni mtihani wa mikono, kwa Kiswahili, mbele ya daktari na mkandaji mkongwe. Mtu akande wao wakitazama. Na zaidi aulizwe ni wakati gani hagusi. Mtu ametoka safari ndefu ya ndege, shavu la mguu mmoja limevimba na lina moto: hapo huenda damu imeganda ndani, na ukilikanda unaweza kulisukuma donge likaenda kuziba mapafu. Huyo hakandwi, anapelekwa hospitali. Asiyelijua hilo asipewe kibali, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta. Na anayemwambia mgonjwa aache dawa anyang'anywe alichonacho. Wasiofaulu wasifukuzwe ufukweni. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, wiki chache za masomo zingetosha kuwasaidia. Ada nayo iwe ya kuwezekana kwa mwanamke anayekandia chini ya makuti, isiwe sawa na ya hoteli.

Tena kuna heshima yetu. Ukitaja masaji mbele za watu, wapo wanaotazamana. Binti yangu aliwahi kuulizwa na wenzake skuli mama yake anafanya kazi gani hasa nyuma ya pazia. Alirudi nyumbani hataki kula. Ningekuwa na kibali chenye muhuri kimetundikwa mlangoni, ningempa picha yake aende nayo.

Wakubwa wanaohusika wakiamua kesho, mimi niko tayari. Mtahini aje Jambiani, alale juu ya jamvi langu, nami nitayapasha mafuta.

Mkandaji,
Jambiani, Unguja