Na Mizani Je? Barua kwa vijana wa Malindi wanaongoja ubatizo

Wanangu, na wajukuu zangu mliomo humo,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, somo lilipokwisha, binti mmoja aliinua mkono akauliza: "Mzee, nitajuaje kwamba nimetubu vya kutosha?" Kwaya ilikuwa mlangoni inangoja chumba, mwalimu akamwambia tutalizungumza siku nyingine. Swali lile nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo. Najibu kwa barua, tena kwenu nyote, maana najua si lake peke yake.

Nianze na langu. Kabla hamjazaliwa nilikuwa mchuuzi wa samaki. Nilinunua kwa wavuvi kule Mayungu, nikauza hotelini na kwa mama karanga wa mjini, wale wanaokaanga samaki na kuuza. Mizani yangu ilikuwa ya kuning'iniza, yenye uso wa duara, na mshale wake niliukunja kidogo kwa koleo ili uanzie chini ya sifuri. Mvuvi akitundika changu wa kilo moja, mshale unasema robo tatu. Naye ametoka baharini, hajalala, jua linapanda na samaki wanaanza kulegea. Atabishana nami mpaka saa ngapi?

Siku hizohizo nikaenda kwenye kesha la maombi, nikaokoka. Nililia hadi shati likalowa. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, nikamsimulia mke wangu, naye ananisikiliza huku anachagua mchele kwenye ungo. Nilipomaliza aliniuliza bila kuinua uso: "Na mizani je?"

Jumatatu nikaenda Mayungu na mizani ileile.

Machozi yangu hayakuwa ya uongo, wanangu. Niliona aibu kwelikweli, na moto wa jehanamu niliuogopa kwelikweli. Lakini mtu anaweza kuichukia aibu ya dhambi na dhambi yenyewe akaiweka kwapani. Yuda alijuta, hata vile vipande 30 vya fedha akavirudisha, kisha akaenda kujinyonga. Petro naye alilia kwa uchungu. Msipime nani alilia zaidi. Petro alimrudia yule aliyemkana, Yuda akabaki peke yake na kosa lake.

Neno toba tumelipokea kutoka Kiarabu, na jirani zetu Waislamu wanalo vilevile. Asili yake ni kurudi. Manabii wa Israeli nao waliwaita watu kwa neno la kurudi. Sasa, mtu harudi tu hewani, hurudi kwa mtu. Ndiyo maana nawakataza kuitenga toba na imani kana kwamba ni madarasa mawili, umalize hili ndipo uingie lile. Nahodha aliyepotelea bahari kuu akigeuza omo kuelekea bara, tezi imekwisha kuipa bahari mgongo. Hageuzi mara mbili. Bwana mwenyewe alipoanza kuhubiri Galilaya aliyataja yote pamoja: "Tubuni, na kuiamini Injili."

Ilinichukua wiki kadhaa kuunyoosha ule mshale. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Nilikuwa nimesoma habari za Zakayo, mtoza ushuru aliyesema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Nikachukua daftari nianze hesabu. Robo kilo kila nilipopima, miaka sita, wavuvi wangapi? Wengine walikuwa wamehamia Lamu, wengine Shimoni, wengine wamekufa. Mara nne nisingeweza. Hata mara moja nisingeweza.

Nikaanza na mmoja niliyemjua kwao. Nilimkuta mjane wake, mama wa Kiislamu, anasuka ukili barazani. Nikamweleza kila kitu, nikamwekea fedha mkekani. Alizihesabu polepole, kisha akasema: "Marehemu alikuwa akijua. Akirudi alikuwa akisema, mizani ya bwana yule ina njaa." Sikuwa na la kujibu. Alimtuma mtoto aniletee maji, na nilipokuwa nakunywa akaniambia: "Nimekuhalalishia, duniani na akhera."

Maneno yale sijayasahau. Ila njiani nilijua kwamba amenihalalishia fungu lake tu. Wale waliokufa, nani atanihalalishia? Na Mungu ambaye macho yake yalikuwa juu ya mshale ule kila asubuhi? Hapo ndipo imani iliponikamata, nikiwa na daftari lisilofungika mkononi. Niliielewa kazi ya msalaba siku ile kuliko usiku wa kesha. Kristo hakuja kunisaidia kumalizia deni lililobaki. Alilibeba lote. Nami nililolirudisha Mayungu, na nililoendelea kurudisha kwa miaka, halikuwa bei ya wokovu. Nilikuwa nimekwisha kupokelewa, sasa najifunza kuishi kama mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo binti yangu, jibu langu ni hili: hutatubu vya kutosha. Hata toba yangu ya leo ina mahali inapohitaji kutubiwa. Usiitazame toba yako ina kina gani, mtazame unayemrudia. Martin Luther, mtawa wa Kijerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza ilisema kwamba Bwana alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Mambo haya hayaishi siku ya maji, na wala hayakuzuii kuingia majini.

Nasema kwa ukali kidogo sasa, mnivumilie. Sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kulichezea jambo hili. Msitu wa Shakahola uko upande wetu wa bara. Mwaka 2023 ilifukuliwa kule miili zaidi ya 400, na watoto wakiwamo, ya watu walioambiwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Nilimsindikiza jirani yangu kwenye chumba cha maiti kumtafuta dada yake. Alikuwa ameshika picha ya dada huyo siku ya harusi, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Tulikaa chini ya mti mpaka jioni.

Kufunga ni kuzuri, Bwana wetu alifunga. Lakini yeyote atakayewaambia Mungu ataridhika mwili wenu ukikauka, amemshusha Kristo msalabani na kuwapandisha ninyi. Vilevile anayewaambia mpande mbegu ya elfu kadhaa ndipo dhambi za ukoo zifutike. Mkimbieni, hata kama anajua Biblia kuliko mimi.

Na wengine wenu mmezaliwa kanisani, mnadhani imani imo damuni. Wareno walifika hapa 1498 wakatuachia mnara, na juu yake pana msalaba. Tunapiga picha pale, tunakula mabuyu, tunarudi nyumbani. Kuwa karibu na msalaba si kuuegemea.

Nimebakiwa na jambo moja. Kuna mmoja wenu aliyeninong'oneza nje, karibu na tangi la maji, kwamba ana kitu cha watu na anaogopa kukirudisha. Sikukutaja hapa wala sitakutaja popote. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, duka la wenye kitu hicho halifungwi mpaka magharibi. Nitakwenda nawe. Wewe utasema, mimi nitakuwa nimesimama kando yako.

Ni mimi mzee wenu,
Malindi