Enaiposha haikugunduliwa na James Webb

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu darubini ya anga ya James Webb imenifurahisha, ila kuna mahali mmeruka. Msomaji anabaki akiamini kwamba Webb ndiyo iliyoigundua Enaiposha, ile sayari ya mbali, inayozunguka nyota nyingine na si Jua letu, iliyopewa jina na Wakenya. Sivyo. Ilipatikana mwaka 2009, ikaitwa GJ 1214 b, na walioipata walikuwa na darubini nane za kioo cha sentimita 40 tu, zikiwa ndani ya banda moja huko Mount Hopkins, Arizona. Mradi huo uliitwa MEarth.

Giza lilipoingia, hakukuwa na mtu wa kukesha na darubini hizo. Kompyuta ilipima hali ya hewa. Ikiwa shwari, ilifungua paa, ikaipa kila darubini nyota yake, ikapima mwanga, kisha ikahamia nyota nyingine, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, huziba mwanga kidogo, na kupungua huko ndiko kunakoifichua. Ujanja wenyewe uko kwenye uchaguzi wa nyota. Kwa anayetazama kutoka mbali, Dunia ikipita mbele ya Jua, mwanga unaozibwa haufiki hata sehemu moja kati ya elfu kumi. Nani ataupima akiwa chini ya hewa hii inayochezacheza? Wao wakafuata nyota ndogo nyekundu. Nyota ya Enaiposha ina upana wa kama moja ya tano ya Jua, kwa hiyo sayari ikikatiza, mwanga unashuka kwa zaidi ya asilimia moja, muda usiotimia saa, na baada ya saa 38 hivi unashuka tena.

Nasi Watanzania tunazo zetu, nyota Mpingo na sayari yake Tanzanite, zilizopata majina hayo mwaka 2019 (wanafunzi wangu hudhani nawatania). Mradi wa WASP ulioipata sayari hiyo ulitumia lenzi za kamera za Canon, nane kisiwani La Palma, Hispania, na nane Sutherland, Afrika Kusini. Barani humu humu.

Basi hoja yenu kwamba kazi hii ni ya mataifa tajiri siikubali. Mawingu ya masika tunayo, na vipuri vina bei. Lakini sayari ikishapatikana, saa yake ya kupita mbele ya nyota lazima ipimwe tena na tena, la sivyo hata Webb itaelekezwa kwa wakati usio wake. Kazi hiyo kioo cha sentimita 40 kinaimudu, na wanafunzi wa chuo wanaimudu. Waulizeni wakuu wa vyuo vyetu: darubini ya kwetu itasimikwa lini, na kwenye mlima upi?

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro