Barua ya wazi: zifungueni barua walizomwandikia Mwalimu

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Yah: Barua za wananchi zilizopokelewa Ikulu, 1962 hadi 1985

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, salaam kutoka Arusha.

Wazee wetu walimwandikia sana Mwalimu Nyerere. Mtu akinyang'anywa shamba, anatafuta kalamu. Wengine hawakuwa na shida yoyote, walituma salamu, shairi, au habari kwamba mtoto amepewa jina lake.

Mwalimu aling'atuka Novemba 1985. Sheria ya mwaka 2002 iliyounda utaratibu wenu inataka kumbukumbu za umma zifunguliwe zikifikisha miaka 30. Hata barua ya siku yake ya mwisho ofisini imeshapita hapo. Ila mjukuu wa aliyeandika hajui aombe jalada gani.

Ugumu wenu nauona. Katika jalada moja kuna malalamiko ya kijiji kizima, na chini yake mama anaeleza ugonjwa wa mwanawe. La kijiji ni la umma. La mama nisingependa kulisoma hata leo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1978, walitenga karatasi za kazi ya Rais, ambazo ni mali ya umma, na zile zake binafsi. Mgawanyo huo kwetu hautoshi: barua ya yule mama ilipokelewa kiofisi, ikapigwa muhuri masijala, lakini siri ni yake.

Huku kwetu tunajua barua inaweza kufika wapi. Mwaka 1952 kilio cha Wameru waliohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki kilifikishwa Umoja wa Mataifa, na Kirilo Japhet akaenda New York kukitetea. Hati zile zinasomeka hadi leo. Inaniuma kwamba tuliyowaandikia wageni ni rahisi kuyapata kuliko tuliyomwandikia Rais wetu.

Naomba mchapishe orodha ya majalada: mwaka, wilaya na jambo lenyewe, bila majina. Yanayogusa ugonjwa, ndoa au aibu za nyumbani yabaki yamefungwa mpaka familia yenyewe iombe. Nakala ya jibu la Katibu Myeka, yaani katibu binafsi wa Rais, kama ipo, iwekwe pamoja na barua, maana bila jibu hatujui mzee alisikilizwa au alipuuzwa. Na kama kuna majalada yaliyoliwa na mchwa, mtuambie pia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Arusha