Kabla ya lita, tuulize uzito wa begi tupu

Ndugu Mhariri,

Wauzaji wa mabegi ya mgongoni pale Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, wamezoea kunadi kwa lita: hili la 40, lile la 55. Anayetaka begi la kuingia nalo kwenye ndege uwanja wa Songwe huchukua kubwa, hasa bei zikikaribiana. Uwanjani hakuna anayepima lita. Wanapima kilo na sentimita, na kwa tiketi ya daraja la kawaida mashirika mengi yanaishia kilo 7.

Basi swali la kwanza dukani liwe: likiwa tupu lina kilo ngapi? Begi la lita 40 lenye fremu, sponji nene na mifuko kila upande hufika kilo 1.8. Toa kwenye 7, zinabaki 5.2. Kompyuta mpakato na chaja yake ni kama kilo 2, jozi ya viatu kilo 1. Kilichobaki ni kilo 2.2, ambazo suruali mbili za jinzi na sweta la baridi ya Juni zinakaribia kuzimaliza. Begi la lita 30 hadi 35 lisilozidi kilo moja linakuachia nafasi ya mzigo zaidi. Sweta livae mwilini. Mchele wa Kyela wa kuwapelekea wakwe nao uende kwenye mizigo ya chini, tusidanganyane.

Vipimo vichukuliwe begi likiwa limejaa, maana mfuko wa mbele uliotuna huongeza hata sentimita 5. Urefu 55, upana 40 na kina 20 vinakubalika kwa mashirika mengi, ila soma masharti ya tiketi yako. Ndege za mapangaboi kama ATR 72 na Dash 8 Q400 zina makabati madogo kuliko Airbus A220, hivyo begi lililopita bila neno safari ya kwenda linaweza kukataliwa mlangoni wakati wa kurudi.

Sasa mishono, ambako ndiko mabegi hufia. Geuza begi ndani nje. Kingo za kitambaa ziwe zimefungwa kwa utepe, na kutoka kwenye uzi hadi ukingoni ibaki angalau sentimita moja. Poliesta iliyokatwa karibu mno na mshono huchomoka nyuzi kidogo kidogo, mwishowe mshono mzima unateleza na kutoka ingawa uzi wenyewe ni mzima. Fundi naye hapati pa kushikia sindano. Mkanda wa bega uingie ndani ya mshono wa mgongo na uwe umeshonwa kwa mraba wenye alama ya X katikati. Chini, utepe wa kukazia ushikwe na kipande cha kitambaa cha pembetatu. Ukishonewa moja kwa moja kwenye kona, ndio wa kwanza kung'oka, hasa kondakta akilivuta begi kwa mkanda mmoja kutoka kwenye buti la basi.

Zipu kuu iwe namba 8 au 10, yaani ya meno mapana. Namba mara nyingi imeandikwa nyuma ya kichwa cha zipu. Namba 5 inatosha mifuko midogo tu. Jaza begi hapohapo dukani, ulifunge, upitishe zipu kwenye kona. Meno yakifunguka nyuma ya kichwa, mara nyingi kichwa ndicho kilichopanuka. Fundi atakibana kwa koleo au akibadilishe, hakuna haja ya kung'oa zipu nzima.

Namba za denia zisikubabaishe. Denia ni uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Yenyewe haisemi nguvu. Nailoni ya 420 inaweza kuishinda poliesta ya 600, tena kwa wepesi.

Kwenye mitumba kuna mabegi mazuri sana, lakini ingiza mkono ndani. Ukikuta kunanata, kunanuka uchachu au unga mweupe unapukutika, tabaka la kuzuia maji limekwisha kuoza na halitengenezeki. Kwa mvua za Tukuyu hilo ni gunia.

Tafuta pia begi lenye mfuko wa nje unaofikika haraka. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo begi likichukuliwa mlangoni kwenda kupakiwa chini utapaswa kuitoa papo hapo. Mwisho bila kibali cha shirika la ndege ni saa-wati 100, kipimo cha umeme unaohifadhiwa ndani yake. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina 74 (gawa mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti), haina tatizo. Kwa safari za nje, asali huhesabiwa kama kimiminika: chupa isizidi mililita 100.

Ombi langu ni kwa wauzaji. Ningʼinizeni mzani mdogo wa ndoano dukani na futi ya fundi pembeni yake, kisha kila begi liandikwe uzito wake likiwa tupu na kina chake likiwa limejaa.

Mshonaji wa mabegi,
Mbeya