Barua kwa mwanangu: kumfundisha mtoto Neno nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza uanzie wapi kumfundisha mjukuu wangu Neno, sasa ametimiza miaka 6. Anzia Kumbukumbu la Torati 6:6-7, wala usiuruke mstari wa 6 kama wafanyavyo wengi. "Na maneno haya ninayokuamuru leo, yatakuwa katika moyo wako" ndiyo yaliyotangulia. "Nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii" yakafuata. Musa alianza na mzazi. Basi sehemu utakayomsomea mtoto jioni, isome mwenyewe asubuhi.

Hayo "uwafundishe kwa bidii" yanatoka kwenye kitenzi cha Kiebrania kinachobeba maana ya kunoa. Kisu hakinolewi kwa pigo moja kubwa. Hupitishwa kwenye jiwe mara nyingi, kidogo kidogo. Kwa hiyo dakika 10 za kila siku zitamfaa kuliko saa 2 za Jumamosi, ambazo nusu yake atakuwa anasinzia. Nyakati zimetajwa pia: uketipo, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hilo la mwisho huwapotosha wasomaji wa leo. "Kuondoka" hapo ni kuinuka kitandani, siyo kutoka nyumbani. Siku yote ya mtoto imeguswa, kwa hiyo Shule ya Jumapili ni msaada kwako. Haiwezi kushika nafasi yako.

Jioni, mkishakula, kabla televisheni haijawashwa, soma Injili ya Marko. Mistari 8 hadi 12 inatosha, ila usikatize tukio katikati. Kwa siku 5 za wiki mtaimaliza kwa miezi 3 na nusu hivi. Usianze na Mwanzo kwa nia ya kwenda moja kwa moja hadi Ufunuo. Wengi hukwama Mambo ya Walawi, na ibada ya nyumbani ikafia hapohapo. Ukishasoma, mwache akusimulie alichosikia kwa maneno yake, wala usimsahihishe kila sentensi. Halafu swali moja, lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Mkisoma habari ya aliyepooza katika Marko 2, uliza: "Kwa nini wale watu wanne waliitoboa dari?" Funga kwa sala fupi, naye aombe kwa maneno yake.

Mstari wa kukariri uwe mmoja kwa wiki. Jumatatu usomeni wote pamoja. Kila siku inayofuata ufiche maneno mawili matatu, ayajaze mwenyewe.

Akikuuliza swali, shukuru. Kutoka 12:26 inamtazamia mtoto aulize maana ya Pasaka, na katika Yoshua 4 yale mawe 12 yaliyotolewa mto Yordani Waisraeli walipouvuka yaliwekwa ili watoto waulize, "Nini maana ya mawe haya?" Usipojua jibu, sema hujui, kisha mlitafute pamoja kesho yake.

Jambo moja nakusihi sana: usimwandikishe Zaburi kama adhabu. Atajifunza kuichukia Biblia kwa mkono wako mwenyewe. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto, na Wakolosai 3:21 inataja sababu: "wasije wakakata tamaa." Lakini usikimbilie upande wa pili. Kuhani Eli aliwakanya wanawe kwa maneno, imo katika 1 Samweli 2, ila aliwaacha waendelee na kazi yao hekaluni. Hukumu ya Mungu juu yake, katika 1 Samweli 3:13, inasema hakuwazuia. Ukisema simu inazimwa saa 2 usiku, izimwe, bila kufoka.

Utakapokuwa safarini, mkwe wangu asome. Ibada isikungojee wewe. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na imani ambayo Paulo anaitaja katika 2 Timotheo 1:5 ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Na siku mkwe wangu akiwa amechoka, nipigieni simu, nitamsomea mimi.

Mama yako.