Barua ya wazi kwa Kamishna wa NFL: yadi tano hazilipi sekunde

Mheshimiwa Kamishna Roger Goodell, mkuu wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, shikamoo mzee.

Najua hunijui. Mi ni mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba, na kabla sijaja huku nilikuwa nachezesha ndondo, yaani refa wa mchangani kabisa, filimbi ya plastiki na kadi nilizokata mwenyewe kwenye boksi la sabuni nikazipaka rangi. Nakwambia hivi usije ukadhani nimeamka tu leo nikaanza kuwafundisha Wamarekani mpira wao. Wizi wa muda nimeuona wa kila aina. Nimeona kipa anaanguka bila kuguswa timu yake ikishapata bao, anashika goti la kulia, akija mtu na maji goti linahamia kushoto. Nimeona watoto wa kuokota mipira wakitoweka wote dakika ya 80 kama wameitwa msibani. Kwahiyo mtu akiiba muda mbele yangu namjua kabla hajamaliza.

Sasa nilivyoanza kuangalia mpira wenu kwa shemeji yangu kitu kilichonivutia sio kugongana wala zile helmeti, ni saa. Kwetu mchangani saa iko kwenye mkono wa refa, na dakika za nyongeza ni siri yake na Mungu wake, ndo maana tunafukuzwaga hadi stendi. Kwenu saa iko juu pale, uwanja mzima unaiona, inasimama, inaondoka, mpaka sekunde inahesabiwa. Nikasema aisee hapa hakuna kuibiana. Kumbe wenzangu mnaiba mchana kweupe na kitabu cha sheria kiko mkononi! Timu inavunja sheria ili saa iende, inalipa yadi 5 za uwanja tu, sekunde hazirudi.

Tarehe 12 Oktoba 2024, Jumamosi usiku, tumekaa sebuleni, sahani za pilau ziko mapajani, Ohio State wako ugenini Oregon. Najua ile ni ligi ya vyuo na sio yako, ila nivumilie, nakuja kwako. Oregon wanaongoza 32 kwa 31, zimebaki sekunde 10, Ohio State wanahitaji wasogee kidogo tu wafikie umbali wa kupiga mpira katikati ya nguzo. Oregon wanatoka kwenye taimauti, wanaingia uwanjani, mpira unaanzishwa, kwotabeki anarusha, haushikwi. Refa ametupa kitambaa cha njano. Mpwa wangu ana miaka 12, akachukua rimoti akarudisha nyuma, akasimamisha picha, akasogea hadi kwenye tivii anahesabu kwa kidole wachezaji wa Oregon, kidole kimejaa mafuta ya pilau mama yake anapiga kelele, akafika mwisho akageuka: mjomba, wako kumi na mbili.

Haya, adhabu ikatoka, yadi 5. Wote tukapiga makofi. Alafu tukaangalia saa, imebaki sekunde 6. Zile 4 zimeenda na hazirudi! Oregon wamelinda na watu 12 dhidi ya 11, wamekula sekunde 4, wamelipa yadi 5, na sekunde 6 hizo zikaisha kwotabeki wa Ohio State akiwa anakimbia na mpira akateleza chini saa imeshagonga sifuri. Mtaa mzima ulikuwa kimya, jirani yetu yule wa bendera nyekundu alizima hadi taa ya nje. Siku mbili baadae kocha wa Oregon, Dan Lanning, anaulizwa, anajibu kwa lugha ya mafumbo ambayo kila mtu aliielewa, kwamba mambo ya namna ile huwa wanayafanyia mazoezi.

Mi kusema kweli nilimvulia kofia. Mwizi ni yule aliyeacha mlango wazi. Na wenye mlango, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, waliuziba ndani ya siku 4 tu, tarehe 16 ya mwezi huohuo na msimu ukiwa unaendelea: kwenye dakika 2 za mwisho, mabeki wakizidi na wakacheza, timu yenye mpira inaweza kudai saa irudishwe ilipokuwa. Siku nne mzee. Nyie huwa mnangoja msimu uishe.

Sasa nije kwako. Februari 2013, Super Bowl, fainali yenu, ya New Orleans, ile ya kaka na mdogo wake makocha, John Harbaugh wa Ravens na Jim Harbaugh wa 49ers. Ravens wako mbele 34 kwa 29, zimebaki sekunde 12, wamebanwa karibu kabisa na eneo lao la goli. Mpigaji wao Sam Koch, yule wa kuupiga mpira mbali kwa mguu, anapokea mpira, hapigi, anazungukazunguka mle ndani kama mtu anayetafuta funguo, na wenzake wote wanawashika jezi wale wa 49ers, wanawakumbatia kabisa. Koch anatoka nje, sekunde zimebaki 4. Inahesabiwa sefti, yaani mwenye mpira kaishia ndani ya eneo lake mwenyewe la goli, 49ers wanapata pointi 2, 34 kwa 31, na mechi ikaisha hivyo. Lile kumbatio adhabu yake ni nini? Ukimshika mtu ndani ya eneo lako la goli adhabu ni sefti. Na sefti ndo hiyohiyo waliyokuwa wanaitaka, watoe pointi 2 ila sekunde 8 ziende! Ni sawa umkamate mtu anaoga baharini, umhukumu kulowa.

Mkakaa kimya. Novemba 2016 Ravens haohao, Koch huyohuyo, safari hii Bengals, sekunde 11 zimebaki, wanaongoza 19 kwa 12. Hapo sasa walishika watu bila hata aibu, saa ikaisha kabisa Koch bado anazurura na mpira, 19 kwa 14, kwaheri. Maana kwenye kitabu chenu beki akifanya faulo muda ukiisha, wale wengine wanapewa mchezo mmoja wa ziada bila saa, lakini mwenye mpira akifanya faulo muda ukiisha, kwa kawaida ndo imeisha hiyo. Nani aliandika hivi bila kufikiria kwamba mwenye mpira anaweza kuwa ndo anayetaka iishe?

Mwaka 2017 ndo mkaamka. Mkasema timu ikifanya faulo nyingi kwa mpigo kwa lengo la kuchezea saa, ni yadi 15 na saa inarudi pale ilipokuwa. Vizuri sana. Ila ona mlivyoandika: nyingi, na kwa lengo. Nikimshika mmoja tu je? Yule mmoja ambaye ndo peke yake alikuwa anamfikia mpigaji? Na hiyo nia refa anaipimaje? Mi nimekuwa refa, sina kipimo cha nia, nilikuwa na filimbi na kitambi changu basi.

Alafu ikaja ile ya 2019 na 2020 ambayo kwangu mimi ndo tamu kuliko zote. Oktoba 2019 Patriots wanawafunga Jets 33 kwa sifuri, wako tayari kupiga mpira mbali, kocha wao Bill Belichick anaacha muda wa kuanzisha uishe makusudi. Adhabu, yadi 5 nyuma. Refa anaashiria, saa ya mchezo inaondoka tena. Wanaacha tena, safari hii mtu anachomoka kabla ya wakati, adhabu tena. Saa inaondoka tena. Yule mzee anatabasamu pembeni, na Belichick kutabasamu sio kitu cha kila siku. Kwa timu inayotaka kupiga mpira mbali yadi 5 nyuma sio adhabu yoyote, ni zawadi, mpigaji anapata nafasi zaidi ya kuangushia mpira anapotaka. Na akaulizwa akakiri kwamba ni tundu, na pengine linafaa kuzibwa, ila kwa sasa liko wazi.

Miezi miwili na nusu baadae, Januari 2020, mechi ya mtoano kwake Foxborough, Titans wako mbele 14 kwa 13. Kocha wa Titans ni Mike Vrabel, aliyechezea timu ya Belichick akabeba naye Super Bowl 3. Dakika zimebaki 6 na kitu. Mwanafunzi anamfanyia mwalimu somo lilelile: anachelewesha, yadi 5, saa inaenda, mtu wake anachomoka mapema, yadi 5, saa inaenda, mwishoni hadi Patriots wenyewe wakachanganyikiwa wakavuka mstari. Zaidi ya dakika moja na nusu imeyeyuka na mpira haujachezwa hata mara moja. Belichick anapayuka pale pembeni mishipa imemsimama. Na mwone Vrabel alivyo mjanja, alifanya kabla dakika 5 za mwisho hazijafika, kwasababu ndani ya hizo 5 saa ingesubiri mpira uanzishwe. Alijua tundu linaanzia wapi na linaishia wapi. Titans wakashinda 20 kwa 13. Mwaka huohuo mkaziba.

Unaona mzee? Ligi ya vyuo nao wana zao, 2006 waliweka sheria ya kufupisha mechi kwamba saa ianze mpira ukipigwa tu, kocha Bret Bielema wa Wisconsin akawaambia vijana wake waotee makusudi kwenye kupiga, mara mbili, kupiga kurudiwe huku saa imeshaenda, mwisho wa kipindi cha kwanza, Penn State wakawa hawapati hata sekunde ya kuchezea. Mwaka uliofuata sheria ikafutwa. Kila mahali ni hivyohivyo, kocha anatoboa, nyie mnaweka kiraka kwenye tundu hilohilo tu, kocha mwingine anasogea pembeni inchi mbili anatoboa tena.

Hoja yangu ni moja tu Mheshimiwa. Mnalipisha yadi kwa mtu aliyeiba sekunde. Mtu kaiba mbuzi wewe unamtoza muhogo, kesho anarudi na muhogo mwingine mkononi anakuuliza mbuzi wako wapi.

Na msiniambie hamuwezi kulipisha sekunde, maana mnalipisha tayari! Timu yenye mpira ikifanya faulo mwishoni ili isimamishe saa, mpinzani anaruhusiwa kuwakata sekunde 10. Vyuo nao waliichukua hiyo 2011, baada ya North Carolina kuponea kwa sekunde 1 dhidi ya Tennessee, wana watu kibao uwanjani hawatakiwi kuwepo, wakasawazisha wakaja kushinda kwenye muda wa ziada. Kwahiyo anayetaka saa isimame mnamkata sekunde, anayetaka saa ikimbie mnamsogeza yadi 5. Kwanini iwe upande mmoja?

Andikeni hivi: ndani ya dakika 2 za mwisho za kipindi cha kwanza na dakika 5 za mwisho za mechi, timu ikifanya faulo, iliyoonewa ichague yenyewe, yadi, au saa irudi ilipokuwa mpira ulipoanzishwa, au vyote. Na kama saa iliishia hapohapo, ichezwe mara moja ya ziada hata kama aliyekosa ni mwenye mpira. Hakuna habari ya nyingi wala ya nia. Mtasema mechi zitarefuka. Mzee, mechi ya dakika 60 mnaicheza masaa matatu na zaidi kwa ajili ya matangazo ya bia na malori, sekunde 4 za Ohio State ndo zitatuchelewesha kulala?

Huku kwenye kabumbu hata wakubwa wetu wameanza kuelewa, kuanzia msimu wa 2025 kipa akikaa na mpira zaidi ya sekunde 8 wanampa mpinzani kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 kwenye karatasi na adhabu ambayo hakuna refa aliyeitoa, na mimi nikiwemo, nisingetoka uwanjani salama.

Jambo dogo la pembeni. Januari 2025, Eagles na Commanders, mpira uko karibu kabisa na mstari wa goli, Eagles wanataka kumsukuma kwotabeki wao makalioni kama kawaida yao. Frankie Luvu wa Commanders anaruka juu ya watu kabla mpira haujaanzishwa. Adhabu ni nusu ya umbali uliobaki. Anaruka tena. Nusu ya nusu. Mpwa wangu alikuwa na homuweki ya hesabu za sehemu mezani, akaniuliza mjomba wakiendelea hivi mpira utafika lini, nikamwambia haufiki. Mpaka refa Shawn Hochuli akatangaza kwa maiki kwamba wakirudia anaweza kuwapa Eagles pointi zao bure, na uwanja mzima ukashangaa kwamba kumbe sheria hiyo ipo. Ipo, na vyuo nao waliitumia Januari 1954 kwenye Cotton Bowl, mchezaji wa Alabama alivyotoka benchi akamwangusha mtu wa Rice aliyekuwa anaenda kufunga. Na wewe mwenyewe kitabu kinakupa mamlaka ya kuingilia kukitokea uonevu uliopitiliza. Meno mnayo.

Kikao chenu cha mwaka kawaida ni mwezi wa 3, na ili sheria ipite zinatakiwa kura 24 kati ya timu 32. Mpwa wangu ameshaandika hilo pendekezo kwa Kiingereza kizuri kwenye karatasi ya daftari, kona moja ina doa la pilau, ukiona usijali ni la siku ileile. Nimeliambatanisha.

Wako,
Refa mstaafu wa ndondo, Columbus