Zuhura, niletee adapta yenye chipu

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Habari za huko uliko? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatuonea. Mama anakusalimu, Bi Chau anakusalimu, hata Side anakusalimu, ingawa mlivyoachana mnajua wenyewe. Basi salamu zimeisha, tuingie kwenye shida.

Mama Rehema kaniambia umeshafika Guangzhou na kwamba hurudi mpaka mzigo ujae. Nikasema Mungu huyo! Nikakurushia ujumbe WhatsApp, tiki moja, nikangoja, tiki moja. Kumbe huko WhatsApp haifunguki mpaka mtu awe na ujanja wake. Ndiyo maana unaona barua pepe, tena ndefu, kwa hiyo kaa kitako. Kurekodi sauti nikakutumia sitaki hata kufikiria. Mtu anayelipwa kusikiliza sauti za watu kutwa nzima, jioni anataka maandishi.

Nina ombi. Niletee adapta ya hedifoni ya taipu C, ile ya kuchomeka kwenye tundu la chaji la simu isiyo na tundu la hedifoni. Usicheke. Najua unasema Kariakoo zimejaa hadi zinamwagika barabarani. Soma mpaka mwisho kwanza, maana ukinunua bila kusoma utaniletea ileile ambayo ninayo droo nzima.

Simu yangu ya zamani ilikunywa chai ikafa. Hii mpya ni nzuri, kamera nzuri, ila tundu la hedifoni hamna. Apple walilitoa mwaka 2016 kwenye ile iPhone 7, Samsung wakawacheka mpaka kwenye matangazo, kisha 2019 na wao wakalitoa kwenye Note 10 kimyakimya. Sasa hivi tundu limebaki zaidi kwenye simu za bei ya chini. Yaani ukiwa na hela ndogo unapewa tundu, ukiongeza hela unanyang'anywa. Haya.

Nikaenda zangu mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kijana mmoja mpole, kila neno "dada yangu", akanitolea nyeupe ya elfu tatu. Akaichomeka kwenye simu yake, ikaimba vizuri tu. Kwenye yangu, kimya. Akalipuliza tundu la simu, akageuza kichwa cha adapta, akapuliza tena, akaniambia simu yangu ndiyo mbovu. Simu ina wiki! Akanipa nyeusi, kimya. Akanipa ya kusokotwa nyuzi kama kamba ya viatu, kimya. Kurudisha hela hataki, anabadilisha tu, nikaondoka na mkusanyiko.

Aliyenifumbua macho ni kaka yake Pili, yule fundi. Adapta hizi ni za aina mbili na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Moja ni waya mtupu. Haifanyi kazi yoyote. Inategemea simu yenyewe igeuze muziki kuwa sauti, halafu iitoe sauti hiyo kupitia tundu la chaji. Zipo simu zinazokubali hivyo, ya yule kijana mojawapo, na zipo nyingi zisizokubali, yangu mojawapo. Ya pili ina chipu yake, imefichwa kwenye kichwa cha kuchomeka au kwenye kile kidude cha chuma kinachofuata. Chipu hiyo ndiyo wanayoiita DAC. Simu inaipelekea namba tupu kwa njia ya USB, yenyewe inazigeuza kuwa mawimbi ya umeme, inayapa nguvu kidogo, ndipo yanafika masikioni. Hiyo haijali simu ina nini ndani, mradi itambue kifaa cha sauti cha USB. Mimi nataka hiyo. Yenye chipu, Zuhura.

Kuitambua ni rahisi. Ichomeke kwenye kompyuta: yenye chipu itajitokeza kwenye orodha ya vifaa vya sauti, wakati mwingine kwa jina la ajabu la kiwandani, na ya waya mtupu kompyuta haitajua hata kama kuna kitu kimechomekwa. Lakini wewe huhitaji kubeba kompyuta sokoni. Ile Samsung yako, kwa vile haina tundu, ni mtihani tosha, maana zile hazikubali adapta za waya mtupu. Ikiimba kwako itaimba na kwangu. Usikubali muuzaji akuonyeshee kwa simu yake. Nasema tena, simu yako, si yake.

Sasa utasema kazi yote hii kwa ajili ya muziki? Muziki nasikiliza kwenye daladala, na humo dereva ndiye anayechagua. Ni kazi. Unajua nanakili mahojiano ya yule mtafiti, wazee wa Kilwa wanasimulia mambo ya bahari. Kuna mzee mmoja anasimulia chombo kilichozama, anasema waliookoka walikuwa... na hapo upepo unapiga maikrofoni, kuku wanapita, nami sijui kasema watano au watatu. Nimerudia sehemu hiyo mpaka Mama akaniuliza kwani huyo mzee ni nani kwetu. Na siwezi kubahatisha, ni watu hao, walikuwa na majina yao.

Kwenye kompyuta tundu lipo ila limelegea, sikio la kulia linakuja na kuondoka. Nikichomeka chaja kunaanza mvumo mwembamba chini ya maneno. Nikiichomoa unaisha, na betri nayo inaisha. Ndiyo maana nataka adapta moja itumike pande zote mbili, simu umeme ukikatika, kompyuta ukirudi. Kaka yake Pili aliniazima yake jioni moja na sikio la kulia likatulia. Mvumo ulipungua sana, ingawa haukwisha wote, kwa sababu adapta nayo inakula umeme wa kompyuta hiyohiyo. Na wala sikuhitaji kuweka programu yoyote. Tangu 2017 Windows 10 inazitambua yenyewe hata zile za kisasa.

Ila nisikudanganye, watano au watatu bado sijui. Adapta haisafishi rekodi. Neno ambalo maikrofoni haikulinasa pale Kilwa hakuna chipu ya kulirudisha. Inachoniondolea ni makelele ya mashine yangu juu ya makelele ya kuku, na hilo peke yake linanitosha, maana kichwa kinauma kidogo kuliko zamani.

Side anasema ninunue za Bluetooth yaishe. Ninazo! Zinaisha chaji pale mzee anapofika patamu. Halafu nikirudisha nyuma sekunde mbili, sauti inaanza ikiwa imekatwa kichwa, silabi ya kwanza imemezwa, na mimi shida yangu yote ni silabi. Kwenye vikao vya kompyuta ndiyo kabisa: maikrofoni yake ikiwaka tu, sauti yote inafifia na kubanwa, kwa sababu ile njia ya Bluetooth ya kusema na kusikiliza kwa pamoja ni nyembamba. Waya wangu niachieni.

Alipoona sishawishiki akageuka mshauri. Anataka nikuagize ile yenye chipu mbili za Cirrus Logic, CS43131, yenye tundu nene la milimita 4.4 pembeni ya lile la kawaida la 3.5, biti 32, kilohezi 768, yaani sauti inapimwa mara 768,000 kila sekunde. Anaitaja namba hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja mahari. Nikamwambia, Side, mzee wa Kilwa karekodiwa kwa biti 16 na kilohezi 44.1, sawasawa na CD, chini ya mwembe. Hizo biti nyingine zijazwe nini? Sikio lenyewe la binadamu, tena la kijana, linaishia kwenye mitetemo ya kilohezi 20 hivi. Akanuna. Kwa upande wake ana hoja, sikatai. Zile hedifoni zake za Beyerdynamic za omu 250, yaani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, zinataka nguvu, kwenye adapta ndogo zinasikika kwa mbali. Zangu ni za omu 32, hazina makuu. Tena adapta yenye nguvu nyingi ukiiunganisha na hedifoni ndogo za kuingiza sikioni zinazosikia sana, nyingine inakuletea "shhhh" nyuma ya kila kitu, yaani unalipa zaidi ili upate makelele zaidi. Bora hela hiyo mtu aongezee kwenye hedifoni zenyewe. Huo ndio msimamo wangu na Side anaujua.

Kuna atakayekwambia chukua ya Apple, ile fupi nyeupe ya taipu C. Ni nzuri kweli, Marekani wanaiuza dola 9 na waliozipima wanaisifu. Kwenye kompyuta haina neno, na kwenye iPhone kuanzia 15 pia. Lakini kwenye simu nyingi za Android inatoa sauti ndogo, kwa sababu adapta yenyewe ina kipimo chake cha sauti ndani na simu inakiacha chini. Ipo programu ya kukipandisha, USB Audio Player PRO, ila hiyo inakusaidia ukipigia muziki humohumo, programu yangu ya kunakili hainufaiki. Halafu zenyewe zipo mbili, A2049 na A2155, sura moja, na hii ya pili iliyotengenezewa Ulaya inatoa nusu tu ya volti. Kwa hiyo ya Apple hapana. Rehema ana iPhone, mletee yeye.

Ninachotaka mimi: chipu, hilo nimeshasema. Tundu la kawaida la 3.5. Ipitishe maikrofoni, kwa sababu nyingine za mashabiki wa muziki ni za kusikiliza tu, na mimi napiga simu kwa hedifoni hizihizi. Mtihani wake ni kujirekodi kidogo pale dukani huku unaigonga maikrofoni ya hedifoni kwa kucha. Mlio wa kucha ukisikika kwa nguvu, imepita. Ikiwezekana waya wake uwe wa kuchomoka, maana adapta nyingi hufia shingoni, pale waya unapoingia kwenye kichwa, na ya kuchomoka unanunua waya mwingine maisha yanaendelea. Na kama wana kile kipande kidogo cha kuigeuza iingie kwenye USB ya zamani, nacho, kompyuta yangu haina taipu C. Zile za matundu mawili, la chaji na la hedifoni, achana nazo.

Kaka yake Pili anasema FiiO ni watu wa hapohapo Guangzhou, na wana za bei ndogo wanazoziuza kwa jina la JadeAudio. Sijui uko upande gani wa mji, na sikutumi ukaache vitenge vyako uzunguke unatafuta kidude. Ukipita karibu. Ukienda Shenzhen kwa ajili ya zile taa za Mama Rehema, basi Huaqiangbei ndiyo kwenye vitu vya umeme vyote, ila huko ndiko utakapouziwa waya mtupu kwa tabasamu. Simu yako, Zuhura, si yake. Bei isizidi elfu sabini ya kwetu, ikizidi hapo tumeshaanza kumsikiliza Side.

Nilitaka kukusimulia na ya Pili na Oppo yake lakini mkono umechoka. Kwa kifupi alimrushia kaka yake adapta nzima kabisa akidhani imekufa, kumbe kwenye simu ile OTG, yaani ruhusa ya simu kutumia vifaa vya USB, unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, na ikikaa kama dakika 10 bila kazi inajizima. Ndiyo hiyo aliyoniazima mimi. Hawajaongea vizuri mpaka leo, na si kwa sababu ya adapta, unajua.

Haya niambie wewe sasa. Vitenge umepata vile vya rangi ya zambarau au wamekubadilishia tena? Unakula nini huko, au ni wali na mayai kama safari iliyopita? Mguu vipi, bado unavimba ukipanda ndege? Ni kweli unarudi kabla ya mfungo, au Mama Rehema anajifariji? Yule wakala wa mizigo mmeshapatana, au tutasubiri kontena kama mwaka ule? Hela ya adapta nimpe nani, Mama Rehema au mdogo wako? Na ukiipata, unaweza kunipigia picha ya boksi mbele na nyuma kabla hujalipa, nimwonyeshe kaka yake Pili?

Wako,
Mwajuma

Nyongeza: Side akikuandikia kivyake umchukulie ile ya 768, hela atangulize.